Mabadiliko ya ulaji kwa chura mwenye pembe: hataki, au hawezi?

Kwa mfugaji wa vyura wenye pembe, mabadiliko ya ulaji ni tofauti inayojitokeza kati ya namna chura mmoja alivyozoea kula na namna anavyokula sasa, iwe tofauti hiyo ni ya kiasi, ya siku zinazopita kati ya mlo na mlo, ya aina ya windo analolikubali, au ya kitendo chenyewe cha kurukia, kushika na kumeza. Kugoma kula ni sehemu moja tu ya dhana hii, ingawa ndiyo inayowashtua watu kwanza. Chura anayekula kila anachopewa lakini siku hizi anakosa shabaha mara tatu kabla ya kulipata windo naye amebadilika, na pengine badiliko lake ni zito kuliko la yule aliyefunga kinywa kwa wiki mbili.

Vyura hawa ni wa jenasi ya Ceratophrys, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya pembe na nyusi, kwa sababu ya vinundu vya ngozi vilivyosimama juu ya macho yao. Asili yao ni Amerika Kusini. Wanaofugwa kwa wingi ni Ceratophrys cranwelli, wa nyanda kame za Chaco zinazoenea Argentina, Paraguay na Bolivia, na Ceratophrys ornata, wa Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili. Wafugaji wengi huwaita Pac-Man, kwa jina la mchezo wa kompyuta uliotoka Japani mwaka 1980, ambamo mdomo mviringo hupita ukimeza kila kilicho mbele yake. Jina hilo limewanogea watu, lakini limeleta hasara pia, kwa kuwa limejenga imani kwamba chura mwenye pembe mzima ni yule anayemeza bila kukoma, na kwamba siku anapokataa chakula lazima pawe na ugonjwa.

Ukweli ni kwamba mnyama huyu ni mviziaji. Hujifukia kwenye udongo au majani makavu mpaka yabaki macho na sehemu ya juu ya kichwa, kisha hungoja, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kitu kijipitishe. Kikipita, tukio zima huisha kabla ya mtazamaji kupepesa jicho: mwili husukumwa mbele, ulimi mpana hunata kwenye windo na kulivuta, taya hufungwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 vilionyesha kuwa mnato wa ulimi huo unaweza kuzidi uzito wa chura mwenyewe, na vingine vya mwaka 2017 vilikuta kwamba chura mwenye kichwa cha upana wa sentimita 4.5 hubana kwa nguvu ya takriban newtoni 30. Baada ya hapo huja sehemu inayowachekesha wageni, nayo ni chura kufumba macho na kuyazamisha ndani ya kichwa, kwa sababu mboni zikishuka husaidia kusukuma chakula kuelekea kooni.

Nimekieleza kitendo hiki kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachofungua maana ya dhana yenyewe. Kula kwa chura huyu kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: hamu ya kula na uwezo wa kula. Asiyetaka hulitazama windo, au halitazami kabisa, na hasogei. Anayetaka lakini hawezi hugeuka, hulenga, hurukia, kisha ulimi haushiki, au taya hazibani, au chakula huingia mdomoni na kutoka tena. Kwa macho ya haraka wote wawili “hawali”, lakini sababu zao hazifanani, na tiba ya mmoja haimfai mwenzake.

Upande wa hamu una sababu nyingi, na nyingi hazina ubaya. Ya kwanza ni umri. Chura mchanga aliyetoka tu kwenye hatua ya kiluwiluwi hula kila siku au siku moja baada ya nyingine, na hukua upesi ajabu. Aliyekomaa hutosheka na mlo mmoja kwa wiki au hata kwa wiki mbili. Kati ya hali hizo mbili pana kipindi ambacho chura mwenyewe hupunguza mwendo, na mfugaji aliyezoea kasi ya awali hudhani mnyama wake anaumwa, kumbe amemaliza kukua.

Ya pili ni joto. Damu ya chura haina joto la kwake, kwa hiyo kasi ya kuyeyusha chakula hufuata joto la mahali alipo. Vyura hawa hukaa vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, na likishuka sana chini ya hapo hamu hufifia kwa sababu tumbo haliwezi tena kuitumikia. Inafaa kipimajoto kiwekwe pale chura anapokaa, si kwenye ukuta wa juu wa tangi ambako hewa ina joto tofauti.

Ya tatu, nayo ndiyo inayosahaulika zaidi, ni ukame. Huko Chaco mvua hukatika kwa miezi kadhaa, na chura mwenye pembe huupita wakati huo akiwa chini ya ardhi, amejifunika kifukofuko kilichofanyika kwa tabaka za ngozi yake mwenyewe alizozivua bila kuziondoa. Wakati huo hali kitu, na utumbo wake husinyaa, kwani kuutunza ukiwa kamili bila kazi ni gharama ya bure. Chura aliyezaliwa tangini na asiyewahi kuuona ukame bado anaibeba tabia hiyo, hivyo udongo ukikauka na baridi ikaingia, anaweza kuzama, kufumba macho na kuanza kuota ganda kama karatasi. Mfugaji anayemkuta hivyo mara nyingi hudhani amekufa. Maji ya uvuguvugu yasiyo na klorini, ya kina kisichofika puani, humrudisha.

Kujivua ngozi kwa kawaida ni jambo jingine, la dakika chache. Chura hupanua mdomo kama anayepiga miayo, huvimba na kujikunja, huvuta ngozi laini kwa mikono na kuila. Asiyejua huona mnyama anayehangaika kwa maumivu au kukabwa na kitu, na akimpa chakula wakati huo hukataliwa. Yeye tayari anakula, ila mlo wake umetoka mgongoni mwake.

Msimu wa kuzaliana nao hubadilisha ulaji, hasa kwa madume, ambao huanza kulia usiku na kupuuza chakula. Kuhamishiwa tangi jipya, kushikwashikwa na kukosa mahali pa kujificha huleta matokeo kama hayo. Aina ya chakula pia ina uzito wake. Porini sehemu kubwa ya chakula cha vyura hawa ni vyura wengine, na Ceratophrys cornuta wa misitu ya Amazoni, akikamatwa mwitu, anajulikana kwa kukataa karibu kila kitu kisicho chura. Huyo hajabadilika hata kidogo. Mazingira ndiyo yaliyobadilika, yeye ameshikilia desturi yake.

Upande wa uwezo ndio unaostahili hofu. Wadudu wa kufugwa, kama nyenje na mende, wana kalisi kidogo, na wasiponyunyiziwa unga wa kalisi wenye vitamini D3 mifupa ya chura hulainika, kuanzia taya. Taya laini hupinda, mdomo haufungi sawasawa, na windo huponyoka. Upungufu wa vitamini A hudhoofisha ulimi kwa njia nyingine, kwa kuwa ngozi nyororo inayotoa ute wa kunatia hubadilika na kuwa kavu, hivyo ulimi hutoka lakini haushiki. Hapa tabia huwa imeonya mapema kuliko mwili: chura anayeanza kukosa shabaha, kisha akazoea kungoja windo ligusane na midomo yake, anaweza kuonekana mnene na mzima kwa wiki nyingi huku tatizo likikua.

Changarawe ni adui mwingine. Kwa kuwa chura hurukia bila kuchagua, humeza na kilicho chini ya windo, na mawe yakijaa tumboni njia hufunga. Chura huyo hugoma kula, hachafui tangi, na tumbo lake huwa gumu. Kuna pia sumu inayotokana na uchafu wake mwenyewe. Mnyama anayekaa palepale kwa siku nyingi hukojoa palepale, na udongo usiobadilishwa hulundika amonia, ambayo hupenya ngozi yake laini. Hamu ikipotea ghafla pamoja na miguu kukakamaa au kunyooka nyuma bila kurudi, mtoe kwanza umweke kwenye maji safi, maswali yafuate baadaye.

Kula kupita kiasi kunaingia katika dhana hii pia, ijapokuwa ni wachache wanaolalamika juu yake. Chura mwenye pembe hana breki ya kutegemewa. Panya akipewa kila wiki atammeza kila wiki, na mafuta yatakusanyika mwilini mpaka mengine yaonekane kama utando mweupe juu ya jicho. Asiyeona vizuri hukosa windo, na hivyo ulafi wa jana unakuwa kugoma kwa leo. Mimi huona hatari zaidi katika chura asiyewahi kukataa mlo hata mara moja kuliko katika yule anayekataa mmoja kati ya mitano.

Ili badiliko lionekane, lazima desturi iwe imeandikwa. Daftari dogo linatosha: tarehe, windo gani, alilipata kwa pigo la kwanza au la tatu, joto la udongo, na uzito kwa gramu kutoka kwenye mizani ya jikoni mara moja au mbili kwa mwezi. Inafaa pia kuandika ishara za hamu. Vyura hawa wana mbinu ya kuinua mguu wa nyuma na kutikisa vidole taratibu ili vifanane na mnyoo na kumvuta anayepita. Chura anayefanya hivyo kisha akashindwa kula yuko upande wa uwezo, si wa hamu. Mtikiso huo ni wa vidole tu na huja windo likionekana. Mtetemo wa mwili mzima usio na sababu ni kitu kingine, nao hushukiwa kuwa upungufu wa kalisi.

Muda wa kungoja hutegemea akiba. Chura mkubwa aliyenona anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula na uzito wake usitetereke, lakini mchanga wa gramu chache hana akiba hiyo, na kwake wiki moja ya kugoma inatosha kumpeleka kwa daktari wa wanyama. Macho yaliyozama, uzito unaoshuka, tumbo lililovimba upande mmoja, ngozi nyekundu mapajani au utumbo uliochomoza havingojei siku ya pili kwa chura wa umri wowote. Kumfungua mdomo kwa nguvu na kumlisha si jambo la kujaribu nyumbani, kwani taya lililolainika huvunjika mkononi.

Na pale hamu inaporudi baada ya mfungo mrefu, mlo wa kwanza uwe mdogo: nyungunyungu mmoja, au nyenje wawili. Utumbo uliosinyaa huanza kujijenga upya chakula kinapoingia, na windo kubwa likifika kabla haujawa tayari linaweza kuozea tumboni badala ya kuyeyushwa. Mlo wa pili usubiri mpaka choo cha kwanza kionekane kwenye maji.