Mwili ukikutwa mtaani, uacheni ulivyo mpaka tufike

Siku hizi malalamiko ni mengi, ndugu wa marehemu wanakuja juu kwamba polisi mmechelewesha mwili, mmeficha ripoti, kesi mmeiua. Mengine yana haki na yana pa kupelekwa, nitafika huko. Ila mengi ukiyafuatilia unakuta kesi iliharibika ndani ya saa la kwanza, gari letu hata halijawashwa, na walioharibu ni watu wema kabisa, mwenyekiti wa mtaa, mgambo, shemeji wa marehemu, na mara nyingine askari kata mwenyewe. Kwahiyo naandika kwa yule askari anayefika wa kwanza, na raia msome pia mjue kwanini anawafukuza.

Uhai kwanza. Kama mtu anapumua au huna uhakika, mbebe, na kama ananing'inia kwenye kitanzi kata kamba, mkimbize hospitali, hakuna wa kukulaumu. Ila ukate mbali na fundo, fundo libaki kama lilivyo maana tunalihitaji. Kama kafa na iko wazi, kakakamaa au kaanza kuharibika, hapo huna cha kuwahi tena. Usimgeuze kuangalia sura, usimpekue mfukoni kutafuta simu ya kupigia ndugu, na lile shuka la jirani naomba libaki kwa jirani. Najua ni heshima, lakini nywele na nyuzi za shuka zinahamia kwa marehemu na za kwake zinahamia kwenye shuka, alafu mnataka sisi tuzitenganishe. Mkitaka kumsitiri rudisheni watu nyuma, watu wawili wasimame mbali wakinge kanga.

Askari, weka njia moja ya kuingia na kutoka. Andika kwenye notibuku kila aliyeingia, saa ngapi, kafanya nini, hata kama ni mkubwa wako, tena hasa mkubwa wako maana ndo wanaopenda kuingia "kuangalia tu". Picha zipigwe za mbali, za kati, alafu za karibu zikiwa na rula, ndipo uchore ramani ya eneo. Nguo yenye damu ikaushwe kivulini iingie bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki, unyevu ukibaki humo ukungu unaota na vinasaba vinaharibika. Mikono ya marehemu nayo ivikwe mifuko ya karatasi, kwenye kucha kunaweza kuwa na ngozi ya aliyepigana nae. Kama kuna kopo la dawa ya kuulia wadudu au glasi yenye mabaki, usinuse, usimwage, lifungwe peke yake.

Sasa hili la alama mwilini, hapa ndo panatuchosha. Mtu kafa usingizini, wanaomuosha wanaona mabaka ya zambarau mgongoni na mapajani, jioni grupu zima la ukoo lina habari kwamba kapigwa. Moyo ukisimama damu haizunguki tena, inashuka yenyewe upande wa chini, aliyelala chali inakaa mgongoni isipokuwa pale palipobanwa na kitanda, hapo panabaki peupe. Masaa ya mwanzo ukibonyeza kwa kidole baka linafifia, baada ya masaa nane mpaka kumi na mbili hivi halihami tena. Sisi linatusaidia sana, tukikuta mtu kalala kifudifudi na mabaka yote yako mgongoni tunajua kuna mtu kamgeuza au kamhamisha, na kama aliyemgeuza ni wewe mwenye nia njema basi umetufutia ushahidi hapo. Ule weusi wa kipigo kweli upo na ni daktari anayeutofautisha, anapasua ngozi anaona kama damu imevujia ndani ya nyama.

Hivohivo maji mekundu meusi yanayotoka puani na mdomoni kwa mwili uliokaa siku mbili kwenye joto, sio lazima sumu wala kipigo, ni kuoza. Ulimi kutoka nje na tumbo kujaa, kuoza pia. Ngozi kubanduka sio lazima tindikali. Na "kakauka, basi kafa jana" sio hesabu, kukakamaa kunaanza kuonekana taya na shingo kwenye masaa mawili mpaka manne, mwili mzima unakuwa mgumu kama masaa kumi na mbili, alafu unalegea tena, na joto linaharakisha yote hayo. Kupima kwa ubaridi wa mwili pia kuna mipaka yake, chumba cha Dar cha nyuzi 32 hakipoozi mwili wa nyuzi 37 kama usiku wa baridi wa Makete. Ndo maana tunatoa makadirio ya muda, dakika kamili ni za kwenye tamthilia.

Sheria nayo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kuhusu kifo cha ghafla, cha nguvu au chenye mashaka atoe taarifa mara moja kwa polisi au kiongozi wa eneo. Sio hiari. Kuondoa au kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi ni kosa, na makosa ya kundi hilo adhabu yake inafika miaka miwili jela, faini, au vyote. Na wa statasi za "kauliwa na fulani" wakati unajua ni uongo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inasema faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Askari na sisi tuna mzigo wetu, kesi ya Paulo Maduka na wenzake, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilitaka maandishi ya mtiririko mzima wa kielelezo, nani kakamata, katunza wapi, kamkabidhi nani, nani kapima. Baadae mahakama hiyohiyo ikalegeza kwa vitu visivyobadilika kirahisi, lakini usiende kazini ukitegemea kulegezewa.

Kuhusu kuzika. Ndugu zetu Waislamu wanataka kuwahi na tunaelewa, mtuambie tu sisi polisi mapema ili daktari aombwe mapema. Ila msikubali mwili upigwe dawa ya kuhifadhi kabla ya uchunguzi kisa safari ya mkoani, ile dawa inavuruga vipimo vya pombe na sumu. Mkizika kwanza alafu mashaka yaje wiki ijayo, kufukua ni mpaka kibali cha mahakama, na sampuli za wiki ijayo sio za leo.

Majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepima sampuli, hayatoki kesho asubuhi. Ukiona kimya nenda kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, ukiwa na namba ya RB, ile ya taarifa uliyofungua kituoni, umuulize sampuli zimepelekwa tarehe ngapi na nani kazipokea, asipokuridhisha panda kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa. Nendeni wawili, sio basi zima la ukoo.