Anna Crusis si jina la mtu

Nimeimba alto, sauti ya chini ya wanawake, tangu utotoni, na historia ya kwaya naipenda kuliko historia nyingine yoyote. Ndiyo maana huniuma ninaposikia yanayosemwa kuhusu kwaya za kifeministi za Marekani, zilizoanzishwa na wanawake wanaopenda wanawake. Hizi hapa dhana nne potofu, na majibu yangu.

Dhana: Wanaume ndio walioanza, wanawake wakafuata.

Najua inakotoka. Tarehe 27 Novemba 1978, Harvey Milk, mwanasiasa wa jiji aliyejitangaza kuwa mpenzi wa jinsia moja, na meya George Moscone waliuawa kwa risasi huko San Francisco. Jioni ile ile kwaya changa ya wanaume wapenzi wa jinsia moja ilisimama kwenye ngazi za ukumbi wa jiji, mbele ya umati ulioshika mishumaa, ikaimba. Tukio hilo linastahili kukumbukwa. Lakini kule Philadelphia, Catherine Roma alikuwa ameshaanzisha kwaya ya wanawake, Anna Crusis, mwaka 1975. GALA, chama kinachounganisha kwaya za namna hii, kilikuja 1982.

Dhana: Anna Crusis ni mwanzilishi, au marehemu anayeenziwa.

Hakuna mwanamke huyo. Jina limetokana na anakrusi, istilahi ya muziki: noti nyepesi inayotangulia pigo zito la kwanza. Aliyeimba kwaya anaijua hata kama hajawahi kuisikia ikitajwa. Mwalimu anainua mkono, nyote mnavuta pumzi kwa pamoja, silabi moja inawatoka kabla mkono haujashuka. Ukishuka, wimbo umeshaanza. Wanawake hao waliligawa neno vipande viwili, likawa jina la mwanamke. Kwa kwaya iliyotangulia wengine, sioni jina ambalo lingefaa zaidi.

Dhana: Bila tenor na besi, sauti za wanaume, hakuna kwaya kamili.

Soprano, sauti ya juu ya wanawake, hugawanyika mbili, alto mbili, zikapatikana sauti nne. Alto wa chini wakikolea, hukumbuki tena kwamba besi haipo. Shida ya kwaya hizi ilikuwa nyimbo. Muziki uliochapishwa kwa ajili ya sauti za wanawake ulikuwa mwingi wa watunzi wanaume, na maneno yake mara nyingi yalihusu maua, malaika na kubembeleza watoto. Mtu anayetaka kuimba juu ya kazi, haki au mapenzi yake mwenyewe angeshika karatasi ipi? Ikabidi wapange upya nyimbo zilizokuwepo na kuwaomba watunzi wanawake waandike mpya. Roma mwenyewe alizama katika utafiti, akaandika kitabu kizima kuhusu kazi za kwaya za Elisabeth Lutyens, Elizabeth Maconchy na Thea Musgrave.

Dhana: Huingii kama hupendi wanawake wenzako, na waimbaji hawa wanawachukia wanaume.

Wanawake wanaopenda wanaume nao wamo, na wamekuwemo kwa miaka mingi. MUSE, kwaya ambayo Roma aliianzisha Cincinnati mwaka 1984, inajieleza waziwazi kuwa ya wanawake wa rangi, umri na mapenzi tofauti.

Na kuhusu wanaume: mwaka 1993 Roma alianza kufundisha kwaya ndani ya gereza la Warren, Ohio. Waimbaji wake ni wafungwa, wote wanaume. Jina la kwaya yao ni neno letu hili hili la Kiswahili: UMOJA.