Ukaguzi wa jengo kwa leza ni nini?

Ni kulinganisha jengo lilivyojengwa na modeli yake ya kompyuta kwa kutumia skana ya leza, kisha programu ionyeshe yenyewe palipokosewa.

Skana hurusha mwanga na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi. Ukirudi baada ya nanosekunde 100, ukuta uko umbali wa mita 15 hivi. Skana aina ya Leica RTC360 hupima hadi nukta milioni 2 kwa sekunde, kila nukta ikiwa sehemu moja mwanga ulipogonga. Zikikusanyika, huitwa wingu la nukta. Kwa kuwa leza haipiti nguzo, skana huhamishwa kituo hadi kituo, na walau theluthi moja ya eneo ionekane kutoka vituo viwili vinavyofuatana, la sivyo mawingu hayaungani vizuri.

Wingu zima kisha hufungwa kwenye alama za msingi zilizopimwa na mpimaji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Lori likigonga alama moja, ghorofa nzima inaweza kusomeka imehama. Ripoti ikisema nguzo zote zimesogea milimita 20 upande uleule, shuku alama kabla ya kumlaumu fundi. Ikiwa ni nguzo moja tu, nenda ukaipime kwa timazi.

Programu hupima umbali wa kila nukta kutoka kwenye modeli na kupaka rangi: kijani panapokubalika, nyekundu palipozidi. Kiwango cha kosa linalokubalika huwekwa na mhandisi, na lazima kizidi kosa la kifaa chenyewe. Skana ya kutembea nayo mkononi, au iliyobebwa na roboti, ikiwa na kosa la sentimita 2, inafaa kuonyesha kuta zipi zimeshasimama. Haifai kuhukumu nguzo inayoruhusiwa kukosea milimita 10 tu.

Kioo na maji yaliyotuama hupotosha mwanga, zikatokea nukta hewa chini ya sakafu. Mirunda na mifuko ya saruji ifutwe kwenye wingu, maana programu itaidhani ni sehemu ya jengo. Na hakikisheni modeli ni ya toleo la mwisho la michoro.

Skani yenye faida kuliko zote ni ile ya kabla ya kumwaga zege la slabu, nondo na mabomba yakiwa bado wazi. Kosa hurekebishwa kwa koleo na waya. Baada ya hapo leza huona uso tu, lakini wingu lile litamwonyesha mtu wa drili bomba lilipopita.