Piano Haina Kitufe: Yanayosemwa Kuhusu Kusomea Muziki, na Yaliyo Kweli

Nilipoingia chuo kusomea muziki nilikuwa nimepiga kinanda cha kanisa miaka sita, na kuna kitufe kimoja kilichokuwa kimenilea. Wapiga kinanda wenzangu wa Eastlands, Nairobi, watanielewa. Unajifunza kupiga kila kitu katika ufunguo wa C, yaani sauti C ikiwa ndiyo do. Mama wa kwaya akianzisha wimbo juu, unabonyeza kitufe cha kupandisha mara mbili au tatu, na vidole vinabaki palepale. Wiki ya kwanza mwalimu aliniketisha mbele ya piano ya mbao, ile ya zamani yenye meno ya manjano, akaniambia nipige utenzi wowote. Nikapiga. "Vizuri," akasema. "Sasa upige huohuo katika E flati." Macho yangu yakaenda kutafuta kitufe.

Tangu siku hiyo nimeambiwa mengi kuhusu kozi hii, na mengine nilikuwa nikiyaamini mwenyewe.

La kwanza ni hili: "Wewe unapiga kwa sikio, nadharia itakuharibia kipaji." Huwa linatoka kwa wapigaji wenyewe, tena wazuri. Lakini itazame bendi ya kanisa Jumapili. Kiongozi wa sifa akitaka mabadiliko hunyoosha vidole vinne nyuma ya mgongo, kisha vitano, kisha kimoja, na mpiga besi anaenda naye bila kukosea. Vidole hivyo ni nadharia. Ni kodi (ya muziki, si ya nyumba: sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayojengwa juu ya sauti ya nne ya skeli, yaani ngazi ya do re mi, ya tano, na ya kwanza. Chuoni utaikuta imeandikwa IV, V, I, basi. Kinachoongezeka ni sababu: kwa nini ya tano hutamani kurudi kwa ya kwanza. Katika C, kodi ya tano ni G, B na D, na ile B ndiyo ti, ambayo iko nusutoni moja tu, hatua ndogo kabisa ya piano, chini ya do. Imba do re mi fa so la ti, kisha unyamaze hapo, uone kama utapata usingizi.

Ukishaelewa namba hizo, E flati inaacha kutisha. Moja ni E flati, nne ni A flati, tano ni B flati, na wimbo ni uleule. Kuelewa kulinichukua siku moja. Vidole vilihitaji muhula mzima.

Wapo pia wanaosema sikio ni la kuzaliwa nalo. Wanachanganya vitu viwili. Kuna watu wachache wanaosikia sauti yoyote, hata honi ya matatu, na kukutajia jina lake papo hapo. Hao ni adimu, na wanamuziki wengi wa kulipwa hawamo miongoni mwao. Kinachofundishwa darasani ni kitu kingine: kupewa sauti moja na kupima nyingine zote kutoka hapo. Hilo hujengwa kwa mazoezi, taratibu, na kwa aibu nyingi.

Aibu yenyewe inaitwa imla. Mwalimu anakupa do, anapiga kipande kifupi cha baa nne (mafungu manne ya mapigo) mara nne au tano, nawe unaandika. Mara ya kwanza nilikimbilia kalamu, nikapata nota tatu na kupotea. Rafiki yangu wa kwaya alinionyesha njia: mara ya kwanza usiandike kitu, sikiliza wimbo unaishia wapi, mara ya pili andika mapigo peke yake, sauti zije baadaye. Usiku tulifanya mazoezi nje ya hosteli, chini ya nguzo ya stima. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na transfoma hunguruma kwa mara mbili ya hapo, hezi 100. G ya chini kwenye piano ni hezi 98 hivi. Kwa hiyo transfoma yetu ilikuwa G iliyopanda kidogo, haikuchoka, tena ilikuwa bure. Unaishika ngurumo, unaiita so, unapanda hadi do, unaanza. Stima ikipotea tulipoteza na do.

"Solfa ni ya kwaya za mtaani, nota ndizo za wasomi." Hili huniudhi kidogo. Solfa ndiyo hiyo do re mi. Majina ya solfa yalianza karne ya 11 na mtawa Guido wa Arezzo, huko Italia, aliyetaka waimbaji wake wajifunze nyimbo haraka. Uingereza ya karne ya 19, Sarah Glover kisha John Curwen wakayapa mwandiko wa herufi: d, r, m, na nukta mbilimbili za kugawa mapigo. Wamisionari wakatuletea, na kwaya zetu hadi leo hufundishwa kwa karatasi hizo. Sasa, darasa la sikio chuoni linaimbwa kwa nini? Kwa solfa ileile. Aliyekulia kwenye kwaya alituacha mbali sisi wa vitufe, kwa sababu yeye akiona m–l (mi hadi la) anaisikia kabla ya kuiimba. Shida yake ilikuja kwenye mistari mitano ya nota, na ndani ya mwaka ilikuwa imekwisha.

Kuhusu wanaoiita "kozi ya waliofeli", sina la kusema zaidi ya kumwalika msemaji kwenye mtihani wa imla. Na mwenye cheti cha gredi ya 8 cha ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, asidhani amemaliza. Kupiga vipande vitatu vizuri mbele ya mtahini ni kazi ya haki, ila si sawa na kupewa wimbo mtupu na kuambiwa uupangie sauti nne kabla ya Ijumaa.

Halafu kuna imani kuhusu aina mbili kuu za skeli, kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Hata vitabu vya watoto huifundisha. Mkenya anaweza kuijibu akiwa amesimama wima: wimbo wetu wa taifa uko katika maina. Mwaka 1963 tume ya watu watano iliutengeneza kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na ukipigwa baada ya mwanariadha wetu kushinda, hakuna anayedhani kuna msiba. Msibani kwenyewe tunaimba "Mwamba Wenye Imara", ambao ni meja. Huzuni au furaha hutokana na mwendo, maneno, sauti ziko juu au chini, na mazoea ya wanaosikiliza. Kuwa meja au maina ni kimoja tu kati ya vingi.

Lililonisumbua zaidi ni "sheria". Zoezi langu la kwanza la sauti nne lilirudi limejaa duara nyekundu. Nilikuwa nimeandika tano sambamba: soprano na besi zikitembea pamoja, zikiachana kwa nafasi ya tano (kama kutoka do hadi so), kitu ambacho korali za Bach, nyimbo za kanisa za sauti nne za mtunzi huyo Mjerumani, hukikwepa kwa bidii. Nikaondoka nikiamini kwamba nyimbo za nyumbani zimekosewa zote, maana huko sauti hutembea sambamba tangu mwanzo hadi mwisho. Kumbe ile haikuwa sheria ya muziki. Ni maelezo ya namna kwaya za Ulaya za wakati ule zilivyopenda kila sauti ijitegemee. Kwetu kuna sababu nyingine. Kikuyu na Dholuo ni lugha za toni: neno likipandishwa pasipostahili laweza kuwa neno jingine. Wataalamu hueleza kwamba sauti ya pili ikitaka maneno yaeleweke, njia nyepesi ni kupanda na kushuka pamoja na ya kwanza. Kwa Bach unaepuka tano sambamba, kwa wimbo wa nyumbani unaziacha, na mwanafunzi anatakiwa aseme yuko wapi.

Muhula wa pili mwalimu alimwalika jathum mmoja, mzee mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Aliketi kwenye kigoda chake kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, njuga kifundoni. Nami, msomi wa miezi mitano, nikauliza: "Mzee, nyuzi hizi nane umezipanga katika ufunguo gani?" Alinitazama, akaimba kidogo, akagusa uzi mmoja, akaimba tena, akatikisa kichwa.

"Leo nina mafua," akasema, akaanza kuzilegeza zote nane, mmoja mmoja.