Kwa nini mama yule alikataa mita mpya, na kwa nini nilimpa haki

Gari la mafundi waliokuja kung'oa mita ya LUKU (ya kulipia kabla) na kufunga mita janja lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, Chikongola, Mtwara, saa nne asubuhi. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, khanga kiunoni, mkono mmoja umeshika fremu. "Wanangu, mita yangu haina kosa. Nitajieni kosa lake, ndipo muing'oe." Vijana wakatazamana. Mmoja akasema ni maagizo kutoka juu. Mama akajibu, "Basi huko juu waje wenyewe." Mita ikarudi kwenye gari.

Mimi ni fundi umeme mwenye leseni, mwaka wa 16 sasa nafunga nyaya za majumbani Mtwara na Lindi. Nyumba ile niliifunga mimi, ndiyo maana jioni yake mama alinipigia simu. Tangu siku hiyo nimeitwa nyumba nyingine kwa shauri hilohilo, Shangani, Magomeni, mpaka Mikindani, na nimesikia kila aina ya hofu. Nyingi nazikubali. Mita ni mizani, na mtu akibadilishiwa mizani ana haki ya kuiona mpya ikipimwa mbele ya macho yake kabla ya kulipia chochote.

Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa hilo. Anaijua kangomba, anajua inavyouma kuuza jasho lako kwa kipimo cha bakuli la mtu mwingine. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya korosho kabla minada haijaanza. Sasa mtu huyohuyo unamwendea na boksi jipya, unang'oa analolijua, unamwachia asilolijua, halafu unashangaa akisimama mlangoni?

Mji huu nao una kumbukumbu yake. Mei 2013 Mtwara ilizuka ghasia za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, jeshi likaletwa, watu wakapoteza maisha. Gesi ya Mnazi Bay ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme hapa kwetu, lakini maneno "ni kwa faida yenu" hapa yanapokelewa kwa tahadhari. Kisha Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Sheria imepita bungeni, sawa. Ila mpangaji aliyenunua umeme wa 5,000 akapata uniti pungufu alijifunza jambo moja, kwamba mita inaweza kukata fedha ambayo haihusiani na umeme alioutumia. Usimlaumu akiuliza hii mpya itakata nini.

Niielezee basi. LUKU tuliyoizoea haijui kuongea na mtu. Unanunua umeme kwa simu, unapewa tokeni ya tarakimu 20, unaziingiza mwenyewe kwenye rimoti. Ndani ya tarakimu zile kuna kiasi cha uniti na muda wa kununua, vimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Tokeni ya jirani haiwezi kuingia kwako. Muda huo huhesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993, na nafasi iliyowekwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima. Ndiyo sababu mwaka ule tuliingiza mafungu matatu ya tarakimu 20, ili mita ianze kuhesabu muda upya. Mikindani nilikaa na bibi mmoja karibu saa nzima tukibonyeza namba kwa zamu, yeye akisoma, mimi nikibonyeza, tukikosea tunaanza upya. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa nini.

Mita janja ina mawasiliano. Umeme ulionunua unafika wenyewe, ofisini wanaona unavyotumia, na wanaweza kukata na kurudisha bila mtu kuja kwako. Umeme ukikatika mtaani wanajua mapema. Faida hizo ni za kweli. Nao wanaosema "watajua lini sipo nyumbani" hawaoti ndoto: mwaka 2009 baraza la juu la bunge la Uholanzi lilikataa sheria ya kulazimisha mita hizi kwa hoja hiyohiyo ya faragha. Uingereza nako mwenye nyumba anaruhusiwa kuikataa. Wapo pia wanaoogopa mionzi ya mita; hapo sitakaa sana. Mita inayotumia laini ya simu hutuma taarifa kwa muda mfupi kama simu yako inavyofanya, tena ukutani nje, na simu unalala nayo kitandani.

Linalonihusu mimi zaidi ni kipimo. Mita ya kielektroniki inaweza kukosea, na anayekuambia haiwezi anakudanganya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walijaribu mita 9 maabara kwa taa zenye swichi za kupunguza mwanga. 5 zilisoma juu kupita kiasi, mojawapo hadi asilimia 582. Yalikuwa mazingira magumu ya maabara, na nyumba zetu nyingi hazina swichi hizo. Lakini jibu la "mita haikosei" haliwezi kutolewa na fundi mwenye heshima.

Kwa mama wa Chikongola tulikubaliana hivi: vijana warudi, mita ifungwe, lakini tupime kwanza ya zamani. Alikuwa na birika la umeme la wati 2,000. Tukazima kila kitu, tukajaza maji, tukawasha birika peke yake. Kwenye uso wa kila mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyopita. Mjukuu wake akashika saa ya simu, mama akahesabu kwa sauti. Dakika moja, mara 33.

Vijana wakabadilisha. Birika lilelile, maji mapya, dakika moja. Mara 53.

Mama akaniangalia. "Umeona? Inakimbia."

Ningekuwa sijui, ningemwunga mkono palepale. Nikamsogeza karibu, nikamwashia tochi ya simu. Kwenye mita ya zamani, iliyolala sasa kwenye kiti cha plastiki, paliandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kitaa hupepesa mara 1,000 ndipo uniti moja iishe. Kwenye mpya paliandikwa 1600. Tukachukua kalamu. Birika la wati 2,000 hutumia uniti 2 kwa saa. Kwa mita ya 1,000 ni kupepesa 2,000 kwa saa, gawa kwa dakika 60, unapata 33. Kwa mita ya 1,600 ni 3,200 kwa saa, yaani 53. Uniti ni zilezile. Mjukuu alirudia hesabu mara mbili, bibi yake akamwambia arudie ya tatu.

Zoezi hilo lilichukua dakika kama 20. Lingefanywa kila nyumba, nusu ya milango iliyofungwa ingefunguliwa.

Mkipima, tumieni birika au hita. Pasi hujizima ikipata moto, itawapotosha. Kisha zima meni swichi kabisa, utazame kile kitaa. Kikiendelea kupepesa, kuna kitu kinatumia umeme kabla ya swichi yako, na hilo usilikubali hata siku moja.

Lipo jambo jingine ambalo limewaletea watu aibu wasiyostahili. Mita nyingi za zamani hupima waya wa moto peke yake. Mpya hupima wa moto na wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, zikalinganisha. Nyumba zetu nyingi zina vyumba vya uani vilivyoungwa baadaye, mara nyingi na kishoka, fundi asiye na leseni, na nyutro ya chumba kimoja imepitishwa kwenye mita ya chumba kingine. Mita ya zamani ilikuwa haijali. Mpya inaona tofauti, inahesabu wizi, nyingine inajifunga. Nimemkuta baba mmoja mtu mzima anaitwa mwizi wa umeme mbele ya wapangaji wake, kumbe ni nyutro mbili tu zimeungwa pamoja ndani ya boksi moja juu ya dari. Nilizitenganisha kwa nusu saa. Yale maneno hakuna aliyerudi kuyafuta. Kama una vyumba vya uani, mwite fundi mwenye leseni akague nyutro kabla mita mpya haijaja.

Na chumvi. Shangani, Mikindani, popote upepo wa bahari unapofika, skrubu za teminali, pale waya unapoingia kwenye mita, huota kutu na waya hulegea. Waya uliolegea hupata moto. Nimeona mita mpya imeungua teminali ndani ya wiki tatu kwa sababu aliyeifunga hakusafisha ncha za waya wala kukaza skrubu sawasawa, na mwenye nyumba akaambiwa ametumia umeme kupita kiasi. Simama pale mafundi wakifunga. Ncha ya shaba ing'ae kabla ya kuingia.

Kabla hawajaondoka, piga picha mita ya zamani ikionyesha uniti zilizobaki na namba yake, piga na mpya. Dai uniti zako zihamishwe. Ukishanunua umeme mara ya kwanza, soma risiti mstari kwa mstari: kodi ya majengo isikatwe mara mbili kwa nyumba moja, na kundi lako la bei lisibadilike kimyakimya. Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi kwa bei zilizopangwa 2016. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni 292. Kwa mama anayekaanga vitumbua na kuwasha taa tatu, tofauti hiyo ni sukari ya mwezi.

Mama wa Chikongola alikubali mita ibaki. Ile karatasi ya hesabu ameibandika ukutani juu ya rimoti, kwa selotepu, na wiki iliyopita jirani yake alikuja kuazima birika.