Faini iliyoandikwa ukutani

Ukitoka Kabwe kwa miguu kwenda Mwanjelwa, jijini Mbeya, au ukikatiza vichochoro vya Miyomboni kule Iringa, hukosi kukutana na ukuta uliopakwa maandishi mekundu: USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000/=. Mara nyingi aliyeandika ni mwenye ukuta. Hasira zake nazielewa, ila faini yake haipo. Mtu binafsi hana mamlaka ya kumtoza mwenzake faini, hata kama ukuta ni wake na harufu anaivuta yeye. Faini hutoka kwenye sheria, na kwa kero nyingi za stendi, sokoni na bustanini, sheria hiyo ni sheria ndogo ya halmashauri.

Mimi ni mwanasheria wa halmashauri. Watu wanaponisimamisha sokoni huwa hawaulizi sheria inasemaje. Wanauliza, "Hiyo sheria yenu iko wapi?" Naona ni swali sahihi kuliko wanavyodhani, maana sheria ndogo ina njia yake ya kuzaliwa, na isiyopita njia hiyo si sheria.

Njia yenyewe imewekwa na sheria mbili za 1982: Sura ya 287 kwa halmashauri za wilaya, na Sura ya 288 kwa miji, manispaa na majiji. Rasimu huandaliwa na wataalamu, hutangazwa ili wakazi watoe maoni na pingamizi, kisha hujadiliwa na Baraza la Madiwani. Ikipita hapo bado haijaiva. Hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na akiidhinisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo. Namba hiyo, ambayo maofisini tunaiita GN, ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Kiongozi akisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema kuanzia kesho atakayekutwa kijiweni saa nne asubuhi atalipa elfu ishirini, ametoa amri ya mdomo. Makofi hayaigeuzi kuwa sheria.

Kuna jambo linalowachanganya hata wenyeviti. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, baada ya wanakijiji kujadili kwenye mkutano wao na halmashauri ya wilaya kuidhinisha. Mtaa hauwezi. Mtaa husimamia sheria za mji au jiji lake, basi. Huku kwetu miji inakua haraka, Tunduma, Makambako, Mafinga, na waliokuwa wanakijiji wanajikuta wakazi wa mitaa huku mazoea ya kupangiana faini yakibaki yale yale. Nimewahi kuona daftari la mtaa lenye orodha ya makosa na adhabu, limepigwa mstari kwa rula, mwandiko mzuri kabisa. Halikuwa na nguvu yoyote.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, kwa sababu hapo ndipo sheria nyingi za kero huharibikia. Chukua ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wa mvua, ulanzi unapokuwa mwingi Iringa, malalamiko nayo huwa mengi: walevi njiani, matusi mbele ya watoto, watu wamelala barazani kwa wenzao. Rasimu ya haraka itaandika, "Ni marufuku kulewa ovyo au kuonyesha tabia isiyofaa hadharani." Ovyo ni kiasi gani? Isiyofaa kwa nani? Ukimpa mgambo maneno hayo umempa uhuru wa kumchagua anayemtaka, na atakayechaguliwa ni maskini, msichana aliyesimama peke yake usiku, au kijana mwenye rasta. Sheria ndogo nzuri hutaja kitendo, mahali na saa: kuuza au kunywa pombe ndani ya eneo la stendi, kupiga muziki wa spika nje ya grosari kupita saa iliyotajwa. Mtu akiisoma anajua mguu wake ukiwa wapi amekosa.

Matusi na ugomvi, tena, tayari ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na wenye kazi hiyo ni polisi. Kelele zina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Halmashauri haina haja ya kutunga upya kila kitu.

England na Wales, kwa sheria yao ya 2014, halmashauri hutoa amri ya kuzuia vitendo fulani katika eneo fulani, tuseme pombe kwenye bustani. Amri hiyo haizidi miaka 3. Isipohuishwa inakufa yenyewe. Hapo nawaonea wivu, maana sheria ndogo zetu hazina tarehe ya kufa, zinaishi hadi zifutwe. Lakini nao wamelaumiwa kwa kuzitumia amri hizo dhidi ya watu wanaolala nje kwa kukosa makazi. Kwetu, mtoto anayelala stendi si wa mgambo kabisa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, huyo ni wa afisa ustawi wa jamii.

Ukikamatwa je? Uliza kosa linaitwaje na liko kwenye sheria ndogo ipi. Sheria ndogo nyingi zinamruhusu Mkurugenzi kufifilisha kosa, maana yake ukikiri kwa maandishi unalipa na shauri linaishia hapo bila kwenda mahakamani. Watu wengi hulipa kwa njia hii bila kujua kwamba wamekiri. Kama hukubali, usisaini. Una haki ya kupelekwa Mahakama ya Mwanzo ukajitetee, na usiporidhika na hukumu una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ukiamua kulipa, dai namba ya malipo ya Serikali na stakabadhi yake. Pesa inayopokelewa mkononi pembeni ya bajaji haijafika halmashauri.

Na kabla hatujamkamata wa ukutani, swali ni letu sisi wa ofisini. Vyoo vya kulipia katika stendi nyingi hufungwa usiku, wakati mabasi na malori ya barabara ya Zambia hayalali. Rasimu ya kupiga marufuku haja ndogo ikija mezani kwangu, naanza kwa kuuliza funguo za choo anakaa nazo nani baada ya saa nne usiku. Mara mbili nimerudisha rasimu kwa sababu hakuna aliyeweza kunijibu.