"Hayo si majani ya mbuzi?" Tunayodanganyana kuhusu bustani ya pamoja na mboga zinazojiotea

Bustani yetu iko Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha jirani ambaye bado hajaanza kujenga. Kaya saba tunailima kwa ruhusa yake: mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu, mbolea ni ya kuku wa mayai. Masika yakianza, tusivyovipanda ndivyo vinavyotangulia kuota, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

"Kilichojiotea ni uchafu, king'olewe"

Nilikuwa napalilia tuta la bamia, nimeshang'oa rundo zima, bibi wa nyumba ya pili akapita na ndoo. Nikamwamkia. Akaitikia huku ameshainama, anachambua rundo langu kama mtu anayechambua mchele. "Mjukuu wangu, hii nayo unaitupa?" Ilikuwa mgagani: shina la vinyweleo vinavyonata, jani limegawanyika mara tano kama vidole, na harufu ambayo hata ukinawa inabaki mkononi. Akaondoka nayo. Jioni lilikuja bakuli, mgagani umechemshwa, maji ya kwanza yamemwagwa, umeungwa kwa karanga. Sikubakiza.

Mchicha wenyewe uko pande zote mbili: upo tunaousia kwenye tuta na upo unaojiotea nyuma ya banda la kuku, na wote unaliwa. Kile kishonanguo kinachong'ang'ania suruali, majani yake machanga ni mboga. Na wenye utaalamu wa mbegu hawaiti mnavu gugu. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga pale Arusha, wameboresha mbegu zake, aina ya Nduruma ikiwa mojawapo.

Ila ndago usiionee huruma. Ng'oa mpaka kile kiazi chake cha chini, kikibaki kimoja utakutana nayo wiki ijayo.

"Mnavu ni sumu"

Hapa pana nusu ya ukweli. Matunda mabichi ya mnavu, yale ya kijani, yana sumu iitwayo solanini na hayafai kuliwa. Majani tunakula, yakichemshwa na maji kumwagwa, na uchungu nao unapungua.

Wa kuogopwa ni mnanaha, ambao ukiwa mchanga mtu mwenye haraka anaweza kuuchuma akidhani ni mnavu. Huo unakausha mdomo, unatanua mboni za macho na kumfanya mtu aweweseke, na unaweza kuua. Subiri maua. Ya mnavu ni madogo, meupe, kama nyota yenye manjano katikati. Ya mnanaha ni marefu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Ukiwa na shaka, acha. Mchicha sokoni haujaisha.

"Mchunga unatibu malaria kwa sababu ni mchungu"

Hautibu. Kapime, ukikutwa nayo unywe dawa mseto. Kula mchunga na ugali, umechanganywa na mchicha na kuungwa kwa tui.

"Mchicha mwekundu unaongeza damu, ona maji yake"

Rangi ile ni rangi ya mmea tu, haina uhusiano na damu. Madini ya chuma yamo hata kwenye mchicha wa kijani, ila mwili huyafyonza kwa shida. Kamulia limao au kula na nyanya mbichi, vitamini C inasaidia. Na ile chai ya rangi tunayoteremshia ugali, isubiri saa moja hivi, maana inazuia chuma kufyonzwa.

"Moto unaua kila kitu"

Hii ndiyo inayonitisha, kwa sababu wanaoisema ni watu makini. Moto unaua vijidudu na mayai ya minyoo, kweli. Madini mazito yenye sumu, kama risasi na kadimi, hayaungui. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti kwenye viwanda na machinjio, unaishia baharini karibu na daraja la Salenda, na njia nzima watu wanauchota kumwagilia. Watafiti wamekuta madini mazito kwenye udongo na mboga za bustani za jiji hili. Kadimi hupanda kupitia mizizi, kwa hiyo hata ukisuuza mara kumi iko ndani ya jani. Risasi kwa sehemu kubwa huja na vumbi na udongo, na hapo kuosha kunasaidia. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara za zamani bado iko palepale.

Ajabu ni kwamba watu wanaogopa mgagani uliojiotea kwenye udongo safi, halafu wananunua bila kuuliza matembele yaliyomwagiliwa maji ya mtaro. Kwetu pia kuna kona inayopokea maji kutoka gereji. Mchunga wa pale ni mnene kuliko wote, majani kama mkono wa mtu mzima, na hauchumwi.

"Matundu ya wadudu yanaonyesha haina dawa"

Hapana. Huenda mdudu alikula kwanza, dawa ikafuata. Muulize mkulima alipuliza lini.

"Cha wote ni shamba la bibi"

Msimu wa kwanza ilikuwa hivyo kweli. Kila mtu alichuma, kumwagilia akamwachia mwenzake. Tukagawana matuta, kila kaya na lake, zamu zikabaki za maji na palizi tu. Kisha tukaweka sheria moja iliyopendekezwa na bibi yuleyule: kinachojiotea ni cha aliyekipalilia. Tangu hapo zamu za palizi zinagombewa, isipokuwa upande wa ndago.